Joto, Stima na Chipu: Historia ya Prosesa Zilizofika Eastlands

Mwezi Oktoba 2005, wateja wapatao 500 wa shirika la mikopo la Faulu Kenya walianza kupokea na kulipa mikopo yao kwa simu ya mkononi. Maduka manane tu ndiyo yaliyokuwa mawakala, mengine Mathare, mengine katikati ya jiji la Nairobi, mengine Thika. Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone, walioongoza jaribio hilo pamoja na Safaricom, walikuwa wamebuni njia ya kukusanya marejesho ya mikopo. Wateja wakaipa kazi nyingine. Walitumiana pesa wao kwa wao, wakanunuliana muda wa maongezi, na wenye biashara wakaweka mauzo ya mchana ndani ya simu ili wasitembee nayo gizani. Machi 2007 huduma hiyo ilifunguliwa kwa umma kwa jina la M-Pesa, na mwaka wa kwanza haukuisha kabla ya watu zaidi ya milioni 2 kujisajili.

Hadithi hiyo imesimuliwa mara nyingi kama hadithi ya pesa. Mimi naiona pia kama hadithi ya prosesa, ile chipu inayofanya hesabu ndani ya kila simu na kila kompyuta. Mwaka mmoja kamili kabla ya jaribio la Mathare, Oktoba 2004, Craig Barrett, mkuu wa kampuni ya Intel, alipiga magoti jukwaani Orlando, Marekani, mbele ya wataalamu wa kompyuta, akaomba radhi kwa sababu kampuni yake ilikuwa imeshindwa kutoa Pentium 4 ya GHz 4 iliyoahidi. Kampuni tajiri kuliko zote katika biashara ya prosesa ilikuwa imegonga ukuta wa joto. Wakati huohuo wakopaji wa Mathare walikuwa karibu kuanza kutumia prosesa zisizohitaji hata feni. Ili kuelewa jinsi mambo hayo mawili yalivyokutana inabidi turudi nyuma, kwa sababu utafiti wa prosesa ulikuwa na njia mbili, na kwa miaka mingi ni moja tu iliyoheshimiwa.

Njia ya kwanza ilikuwa ya kasi. Mwaka 1967 Robert Tomasulo, mhandisi wa IBM, alichapisha mbinu ya kuiwezesha mashine kubwa ya System/360 Model 91 kutekeleza amri bila kung'ang'ania foleni. Mtu yeyote aliyekula mchana kwenye kibanda cha Kariobangi Light Industries anaijua mbinu hiyo. Mteja wa kwanza ameagiza chapati na madondo, lakini chapati bado iko kwenye kikaango. Mwenye kibanda hawaachi waliofuata wakae na njaa. Anampakulia mmoja ugali na sukuma, mwingine anamiminiwa chai, na chapati ikiiva inamfikia aliyeiagiza. Hesabu ya jioni ni ileile, ila watu wengi zaidi wamekula. Mwenye kibanda mzoefu huenda mbali zaidi. Akimwona mteja wake wa kila siku anavuka barabara, chai inamiminwa kabla hajafungua mdomo. Akifika akataka soda, chai ile inamwagwa.

Prosesa nazo hubahatisha hivyo. Kila programu imejaa njia panda: ikiwa salio linatosha fanya hili, ikiwa halitoshi fanya lile. Kusubiri jibu kunapoteza muda, kwa hiyo prosesa inakisia upande, inaanza kazi, na ikikosea inatupa ilichofanya. Novemba 1995 Intel ilitoa Pentium Pro, iliyobuniwa Hillsboro, Oregon, na timu ya wasanifu iliyoongozwa na Bob Colwell. Transista zake milioni 5.5, yaani swichi ndogo zinazounda chipu, zilileta ndani ya kompyuta ya mezani mbinu ambazo hapo awali zilikuwa za mashine za serikali na mabenki makubwa: kupishanisha amri na kubahatisha njia panda. Pentium II na Pentium III ni watoto wake.

Kisha ikaja Pentium 4, tarehe 20 Novemba 2000. Mwaka huo Nairobi ilikuwa gizani. Ukame ulikuwa umekausha mabwawa ya mto Tana, na mgao wa stima ulizipiga familia na viwanda kwa miezi. Huko Marekani Intel ilikuwa inazindua prosesa iliyojengwa kana kwamba stima haina mwisho. Kazi ya kila amri iligawanywa katika hatua 20, kila hatua ikiwa fupi sana, ili mapigo ya chipu yaweze kwenda mbio. Februari 2004 ikatoka toleo lililoitwa Prescott, la hatua 31 na transista milioni 125. Hatua zikiwa nyingi hivyo, kukisia vibaya kwenye njia panda moja kunamaanisha kutupa kazi nyingi iliyokwisha kuanzwa, na kila kazi iliyotupwa ilikuwa imekwisha kula stima na kutoa joto.

Wahandisi wenyewe walikuwa wameonya. Mwaka 1999 Fred Pollack wa Intel alionyesha kwamba ukiongeza utata wa prosesa mara mbili, utendaji hauongezeki mara mbili. Unaongezeka kwa asilimia 40 hivi, kipeuo cha pili cha kile ulichoongeza, huku stima ikiendelea kuliwa. Februari 2001 Pat Gelsinger, naye wa Intel, alisimama mbele ya mkutano wa wahandisi wa chipu San Francisco na kusema kwamba mwendo ule ukiendelea, kufikia 2005 joto kwa kila eneo la chipu lingelingana na la kinu cha nyuklia, na kufikia 2015 na uso wa jua. Nyuma ya maonyo hayo kulikuwa na kanuni ya mwaka 1974 ya Robert Dennard na wenzake wa IBM: transista ikipunguzwa ukubwa, volti nayo hupunguzwa, na joto kwa eneo hubaki palepale. Kwa miaka thelathini kanuni hiyo iliwapa wasanifu kasi ya bure. Transista zilipokuwa ndogo mno zikaanza kuvujisha stima hata zikiwa zimezimwa, volti ikakataa kushuka zaidi, na kasi ya bure ikaisha. Na stima inayoliwa hufuata volti kwa kipeo cha pili, kwa hiyo volti ikikwama kila kitu kimekwama.

Eastlands, mitaa ya mashariki mwa Nairobi, iliipata Pentium 4 kwa kuchelewa, kama ilivyopata mashine nyingi. Ofisi za Uingereza na kwingineko zilibadilisha kompyuta zao baada ya miaka michache, zile za zamani zikapakiwa kwenye kontena hadi Mombasa, zikauzwa mjini Nairobi kama mashine za ex-UK, na kutoka hapo zikaingia kwenye saiba za Umoja, Buruburu, Donholm na Kayole. Kati ya 2005 na 2010 ndizo zilizokuwa madawati ya mtaa mzima. Pale kijana aliandika barua ya kuomba kazi, mzazi akaangalia matokeo ya mtihani wa mtoto, mwingine akafungua barua pepe yake ya kwanza, kwa shilingi moja kwa dakika.

Yeyote aliyewahi kusimama kando ya fundi akiifungua mashine ile anajua kilichokuwa kinaendelea. Ukiondoa kifuniko cha pembeni unakutana na bamba nene la aluminiamu lenye mbavu nyembamba, feni juu yake, na vumbi jekundu la Eastlands limejaa kati ya mbavu kama udongo kwenye soli ya kiatu. Gundi ya kupitisha joto, iliyopakwa kiwandani miaka minne mitano nyuma, imekauka na kupasuka. Mashine inajizima yenyewe kila alasiri, mteja anadhani ni virusi. Fundi anapuliza vumbi kwa blowa, anakwangua gundi kuukuu, anapaka mpya, na mashine inaishi miezi mingine sita. Prescott za mezani zilipangiwa joto la kati ya wati 84 na 115. Saiba yenye mashine kumi za aina hiyo zikifanya kazi kwa nguvu zote ilikula karibu kilowati nzima kwa prosesa peke yake, kabla ya kuhesabu skrini za kioo kizito zilizokuwa juu ya meza. Mwenye saiba alilipia kosa la kisanifu lililofanywa Oregon, na alililipia kila mwezi bili ilipofika.

Hata hivyo mashine zile zilifanya kazi nyingine ambayo naiheshimu sana. Mwaka 1997 Intel iliongeza katika Pentium kundi la amri lililoitwa MMX, na mwaka 1999 Pentium III ikapata kundi kubwa zaidi, SSE. Amri moja iliweza kushughulikia namba nne kwa mpigo, na sauti iliyorekodiwa ni mfululizo mrefu wa namba. Kazi ya kuchanganya sauti iliyohitaji meza za mamilioni ya shilingi ikawezekana kwenye kompyuta moja chumbani. Mwaka 2000 mtayarishaji Clemo na rapa Jua Cali walianzisha Calif Records, studio iliyochukua jina la mtaa wa California, na kutoka hapo muziki wa genge ukaenea nchi nzima. Midundo ya genge ni midundo ya kompyuta. Vijana wa Eastlands hawakusubiri kampuni kubwa za muziki ziwafikie, kwa sababu chombo kilikuwa kimeshakuwa cha bei ya kufikiwa.

Mei 2004 Intel ilifuta Tejas, prosesa iliyokusudiwa kurithi Prescott. Njia ya kutokea ilipatikana Haifa, Israeli, ambako timu iliyokuwa ikitengeneza chipu za laptopu, zinazotegemea betri, ilikuwa imerudi kwenye ukoo wa Pentium III na kutoa Pentium M mwaka 2003. Kutokana na mawazo yao ikazaliwa Core 2, Julai 2006: viini viwili, yaani prosesa mbili ndani ya chipu moja, mapigo ya polepole kuliko ya Pentium 4, kazi nyingi zaidi, na toleo la kawaida la mezani likipangiwa wati 65. Tangu hapo utafiti wa prosesa za mezani umekuwa wa kuongeza viini na kuhesabu kazi kwa kila wati. Saiba za Eastlands zilisubiri miaka mingine minne mitano kabla Core 2 nazo hazijawa ex-UK. Katikati ya subira hiyo, Julai 2009, kebo ya SEACOM ilianza kazi Mombasa na intaneti ya kasi ikafika. Mwezi uliofuata, Agosti 2009, mgao wa stima ukarudi.

Njia ya pili ya utafiti ilikuwa imeanza kimya, na ilianza kwa umaskini.

Katika miaka ya 1970 John Cocke na wenzake wa IBM waligundua kwamba programu za kawaida hutumia amri chache rahisi mara nyingi, na zile ngumu karibu hazitumii kabisa. David Patterson wa Berkeley alianza mwaka 1980 kutengeneza prosesa yenye amri chache tu, akauita mtindo huo RISC. Mwaka uliofuata John Hennessy wa Stanford akaanzisha MIPS kwa wazo hilohilo. Wakubwa wa viwanda waliwapinga. Kwao prosesa bora ilikuwa ile yenye amri nyingi na tata.

Waliosikiliza walikuwa kampuni ndogo ya Cambridge, Uingereza, iliyoitwa Acorn, watengenezaji wa kompyuta ya shule ya BBC Micro. Oktoba 1983 wahandisi wake wawili, Sophie Wilson na Steve Furber, walikwenda Phoenix, Arizona, kuitembelea kampuni iliyokuwa ikiendeleza prosesa ya 6502. Walitarajia kukuta jumba la kioo na majeshi ya wahandisi. Walikuta nyumba ya kawaida, watu wachache na wanafunzi. Wakarudi na hoja moja: kama hawa wanaweza, na sisi tunaweza. Bosi wao Hermann Hauser alizoea kusema kwamba aliwapa vitu viwili ambavyo Intel hawakuwahi kuwapa watu wao, yaani kutokuwa na pesa na kutokuwa na watu. Wilson alisanifu amri, Furber akasanifu chipu.

Tarehe 26 Aprili 1985 chipu ya kwanza, ARM1, ilifika kutoka kiwandani na ikafanya kazi siku hiyohiyo. Ilikuwa na transista zipatazo 25,000. Lengo la timu lilikuwa chipu isizidi wati moja, na sababu ilikuwa ya mfuko: chipu yenye joto kali hufungwa kwenye kauri, na kauri ni ghali; chipu baridi hufungwa kwenye plastiki. Furber alipotaka kupima stima inayotumika, mita ilionyesha sifuri. Waya wa stima ya chipu ulikuwa haujaunganishwa vizuri, na ARM1 ilikuwa ikiendeshwa na stima kidogo iliyopenya kupitia nyaya za mawasiliano. Walikuwa wamevuka lengo lao mara kumi.

Novemba 1990 Acorn, Apple na VLSI waliunda kampuni ya ARM, ambayo haikutengeneza chipu hata moja. Iliuza michoro tu. Mwaka 1994 ikatoa ARM7TDMI, na hapa ndipo Eastlands inaingia. Nokia walikuwa wamelalamika kwamba programu za ARM zinakula kumbukumbu nyingi, na kumbukumbu ndiyo iliyokuwa inapandisha bei ya simu. Dave Jaggar akabuni Thumb, namna ya kuandika amri kwa biti 16 badala ya 32, ili programu ileile itoshe kwenye nafasi ndogo zaidi. Prosesa yenyewe ilikuwa na transista kama 74,000 na hatua tatu: kuchukua amri, kuitambua, kuitekeleza. Tatu dhidi ya 31 za Prescott. Haikubahatisha lolote, haikutupa kazi, na haikufikia hata wati moja. Nokia 6110, iliyotangazwa mwishoni mwa 1997, ilikuwa simu ya kwanza ya Nokia kuibeba, na simu za Nokia zilizofuata, pamoja na zile tulizozoea kuziita mulika mwizi, zilikuwa za ukoo huo.

Hizo ndizo simu za Mathare mwaka 2005. Zilikaa na chaji kwa siku kadhaa, jambo la maana sana mahali ambapo nyumba nyingi hazikuwa na stima ya kuaminika na watu walilipia kuchaji dukani. Zilianguka kwenye lami zikaokotwa zikapiga simu. Na ndani yake kulikuwa na prosesa ya pili ambayo wengi hawaijui: ile ya kadi ya laini. Laini ya simu ni kompyuta kamili, yenye kumbukumbu yake na funguo zake za siri. Nyingi za enzi hizo zilikuwa za biti 8 au 16, baadhi zikitumia muundo uliotokana na Intel 8051 ya mwaka 1980. Menyu ya M-Pesa iliwekwa ndani ya laini, ndiyo maana wenye laini za zamani walilazimika kuzibadilisha kabla ya kujisajili. Mteja alipoingiza namba yake ya siri, prosesa ya laini ndiyo iliyoufunga ujumbe kwa msimbo kabla haujaondoka kama SMS. Simu ilitoa skrini, vitufe na betri tu. Kwa hiyo mama mboga wa Mathare mwenye simu ya mtumba alikuwa na usalama uleule wa mwenye simu ya maelfu ya shilingi. Kwangu huo ni uamuzi wa usanifu wenye heshima kuliko GHz zote za miaka ile.

Mwaka 2009 serikali iliondoa VAT kwenye simu za mkononi, na mwanzoni mwa 2011 Safaricom ikaanza kuuza Huawei IDEOS kwa takriban shilingi 8,000. Prosesa yake ilikuwa Qualcomm ya MHz 528, ya kizazi cha ARM11. Kwa vijana wengi wa Eastlands ilikuwa kompyuta ya kwanza wanayoimiliki wenyewe, na ilikuwa mwanzo wa mwisho wa saiba.

Oktoba 2011 ARM ilitangaza Cortex-A7 na kusema wazi kwamba inalenga simu za chini ya dola 100. Kiini kimoja kilichukua eneo lisilofika nusu ya milimita mraba. Wasanifu wake walikuwa na mbinu zote za Tomasulo mezani na waliziacha kwa makusudi: amri zinatekelezwa kwa foleni, moja baada ya nyingine, au mbili zikiwezekana. Mwaka uliofuata ikaja Cortex-A53, ya biti 64, kwa falsafa ileile. Kampuni ya MediaTek ya Taiwan ilichukua viini hivyo vinne vinne ikavifunga kwenye chipu za bei nafuu, kama MT6580 ya mwaka 2015, na hizo ndizo zilizojaza simu za Tecno, Itel na Infinix zilizouzwa kwenye vibanda vya simu kuanzia Kayole hadi Eastleigh. Wasomi wa prosesa hawakuzizungumzia sana. Makala zao zilikuwa za viini vikubwa vinavyobahatisha.

Januari 2018 kubahatisha kukaleta aibu. Tarehe 3 mwezi huo Jann Horn wa Google, Paul Kocher, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Graz, Austria, pamoja na wenzao, walitangaza udhaifu wa aina mbili waliouita Meltdown na Spectre. Rudi kwenye kibanda cha Kariobangi: chai iliyomwagwa huacha kikombe kikiwa na joto. Anayepita nyuma ya kibanda na kugusa vikombe anaweza kujua mteja huagiza nini hata kama chai haikunywewa. Prosesa iliyokisia vibaya hutupa kazi, lakini alama za kazi hiyo hubaki kwenye kashe, ile kumbukumbu ndogo ya karibu, na programu mbaya inaweza kuzisoma na kuiba siri. Prosesa za Intel za zaidi ya miaka ishirini, za AMD, na viini vikubwa vya ARM zote ziliguswa na angalau aina moja ya udhaifu huo. Mabenki na vituo vya data duniani vilihangaika kuweka viraka vilivyopunguza kasi ya mashine zao.

ARM ilitoa orodha ya viini vyake vilivyoathirika. Cortex-A7 na Cortex-A53 hazikuwemo. Simu ya bei nafuu zaidi ya mtaani haikuwa na ugonjwa uliozitesa seva za mabilioni, kwa sababu prosesa yake haikubahatisha kwa kiasi cha kuuleta. Simu hizo zilikuwa na matatizo yao ya usalama, kubwa likiwa programu zisizopata masasisho. Lakini kwa upande wa usanifu, unyenyekevu wake ulikuwa kinga.

Machi 2018 Patterson na Hennessy walitangazwa washindi wa Tuzo ya Turing ya mwaka 2017. Juni mwaka huo, wakitoa mhadhara wao Los Angeles, walisema kizazi kipya cha usanifu kinaanza na wakataja mambo kadhaa, mawili kati yake yakiwa: prosesa maalumu kwa kazi moja moja, na muundo wa amri ulio wazi kwa wote.

La kwanza tumeliona likikimbia mbele kuliko yote, kwa sababu ya akili bandia. Nvidia H100, ya mwaka 2022, inaweza kula hadi wati 700, sawa na Prescott sita kali, na huwekwa kwa maelfu ndani ya jengo moja. Maandishi ya kuifunza mifumo ya akili bandia yalipitiwa, baadhi yake, na wafanyakazi wa Nairobi waliolipwa chini ya dola 2 kwa saa, kama jarida la TIME lilivyoeleza Januari 2023. Mei 2024 Microsoft na kampuni ya G42 ya Abu Dhabi zilitangaza mpango wa dola bilioni 1 unaojumuisha kituo cha data Olkaria, kikitumia mvuke wa ardhini, kwa kuanzia na megawati 100. Stima imerudi kuwa swali kuu la prosesa, safari hii ikihesabiwa kwa megawati, na mvuke wa Olkaria ndio uleule unaowasha taa za Dandora. Naona ni haki wakazi wa mitaa hii kuuliza mgao utakapokuja nani atazimiwa kwanza.

La pili ndilo linalonipa hamu zaidi. Mwaka 2010 Krste Asanović na wanafunzi wake wa Berkeley, Andrew Waterman na Yunsup Lee, wakishirikiana na Patterson, walianza RISC-V, muundo wa amri usiomilikiwa na mtu. Anayetaka kutengeneza prosesa ya ARM hulipia leseni. Wa RISC-V halipi chochote. Mwaka 2020 makao ya shirika lake yalihamishiwa Uswisi ili siasa za nchi moja zisiufunge. Juni mwaka huohuo Google na kiwanda cha SkyWater cha Marekani walifungua kwa umma kanuni zote za kutengenezea chipu kwenye mtambo wa nanomita 130, na kampuni ya efabless ikawa inakusanya michoro ya watu mbalimbali na kuipeleka kiwandani, kila mmoja akipewa eneo la milimita mraba 10. Efabless ilifungwa Machi 2025. Kazi hiyo inaendelea kupitia mradi wa Tiny Tapeout, na taasisi ya IHP ya Ujerumani nayo imefungua kanuni za mtambo wake wa nanomita 130.

Kenya ina kiwanda cha Semiconductor Technologies Limited, kilichoanzishwa na Anthony Githinji ndani ya Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, Nyeri. Oktoba 2023 Rais Ruto alifungua kiwanda cha kuunganisha simu Athi River, ingawa prosesa za simu hizo bado zinatoka nje zikiwa tayari. Kilichobaki ni michoro, na mchoro wa prosesa ya RISC-V ya hatua tatu, ya kiwango cha ile iliyokuwa ndani ya simu za Mathare, ni kazi ambayo mwanafunzi mwenye bidii anaweza kuikamilisha kwa muhula mmoja. Programu zinazohitajika, Yosys, Magic na OpenROAD, ni za bure, na zinaendeshwa kwenye laptopu ya Core i5 ya mtumba ambayo kijana wa Umoja anaweza kuinunua mjini.